Neno Moja Lililomurudisha Mama Ndani

— Anasema moto ni mambo ya kesho.

Niliposikia hayo, kitambaa kilinianguka mukononi...

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana hata mimi sikuamini masikio yangu.

Nilikuwa nimepiga magoti barazani, chini ya dirisha, nasugua sakafu. Ndani walikaa wazungu wawili: munganga wa hospitali, na zuzi, yule hakimu wa serikali. Mbele yao alisimama mama yangu muzazi, miguu peku.

Munganga alimuuliza kama bado anafikiria moto.

Mama akajibu kwa Kinyarwanda, sauti ndogo:

— Iby'ejo.

Na mukalimani akawageukia wazungu, akawaambia kwa Kiswahili ni mambo ya kesho.

UONGO!!!

Mama alisema mambo ya JANA. Yamepita! Yamekwisha!

Na mukalimani huyo, jamani... alikuwa Twagirimana. Baba mudogo yangu. Mutu aliyenilea!

Kama hamujui Kinyarwanda, musikilize hapa. Kwetu neno ejo ni jana. Na ejo hilohilo ni kesho! Ukisema nilikwenda ejo, kila mutu anajua ni jana. Ukisema nitakwenda ejo, ni kesho. Lakini ukisema tu "iby'ejo", mambo ya ejo, basi anayesikia anachagua mwenyewe.

Mama Saidati, fundi cherehani aliyenifundisha Kiswahili, alitucheka sana kwa hilo.

— Lugha gani hiyo, Languida? Jana na kesho zinavaa shati moja!

— Ndiyo yetu, mama.

— Bon, mi inanisaidia. Mutu akiniuliza nguo itaisha lini, namwambia ejo. Akikuja na hasira, namwambia: si nilikuambia ejo? Ilikuwa jana, we hukukuja!

Nilicheka mpaka machozi. Sikujua neno hilohilo linamufunga mama yangu.

Sasa mujue alifanya nini.

Mwaka wa 1951, kule kwetu Cyanzarwe, mama yangu Mukandutiye alizaa mutoto. Baba alikuwa amekufa Katanga, kwenye migodi, hata tumbo hakuliona. Siku ya nane, siku ya kumupa mutoto jina, mutoto akafa. Akazikwa bila jina.

Baada ya hapo mama hakulala tena. Alizunguka nyumba akisema mutoto anasikia baridi.

Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji. Mama akachukua moto jikoni, akauweka kwenye majani ya kitanda. Apate joto, mutoto aliyekuwa amezikwa!

Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi.

Ndani alikuwamo bibi yangu, mama wa baba na wa Twagirimana. Miguu yake ilikuwa imekufa zamani.

Hakutoka...

Zuzi alisema mama hakuwa na akili siku ile, kwa hiyo hana kosa la kuhukumiwa. Lakini nyumbani hataenda. Atafungiwa mpaka munganga aseme amepona. Na kila mwaka, mwezi wa saba, ataitwa na kuulizwa.

Wakamuweka nyuma ya hospitali, kwenye nyumba ya mawe meusi ya volkano. Watu wa muji waliiita Kungojea.

Mwizi wa ng'ombe gerezani anajua siku yake ya kutoka. Anahesabu. Mama yangu, asiye na kosa, hakuwa na kitu cha kuhesabu.

Twagirimana alinichukua nikaishi kwake Nengo, mujini. Alinipeleka shule mpaka mwaka wa nne. Kwenye sahani alinipa kipande cha samaki kilicho kikubwa. Aliniita mwanangu.

Na kila mwezi wa saba alirudi kutoka Kungojea, kofia mukononi, kichwa chini.

— Wamekataa tena, mwanangu. Mi nimesema yote.

— Asante, baba mudogo.

Nikamupashia maji, nikamuosha miguu. Miaka mitano, mara tano! Niliosha miguu ile!!

Kwenda Kungojea alinikataza. "Utaumia moyo," alisema. Mi si mutu wa kubishana. Mi ni mutu wa kuangalia. Ulipofika mwaka wa sita, 1957, nikamwambia ninakwenda kushona kwa mama Saidati. Kumbe niliomba masera, wale watawa wa hospitali, kazi ya kusugua sakafu.

Nilitaka tu kumuona mama kupitia dirishani. Basi.

Na nilimuona. Na nilisikia. Jina lake aliulizwa, Twagirimana akatafsiri sawa. Unalala vizuri? Sawa. Mutoto wako yuko wapi? Mama alisema amezikwa, Twagirimana akasema amezikwa. Yote sawa!

Neno moja tu.

Zuzi akafunga kitabu chake.

— Kila mwaka kesho, kesho. Huyu arudi. Tutatia sahihi baada ya kahawa.

Wakamutoa mama kwa mulango wa nyuma, akakaa uani na mulinzi. Twagirimana akatoka barazani kuvuta tumbaku.

Akaniona.

— We! Unafanya nini hapa?

— Nasugua, baba mudogo.

— Tangu saa ngapi?

— Tangu mulipoanza.

Moto wa kiberiti ukamufikia kidole, hakuutupa.

— Baba mudogo, iby'ejo ni nini kwa Kiswahili?

— Languida, nenda nyumbani.

— Ni jana, ama ni kesho?

— Ejo ni ejo! Neno iko na pande mbili, mi nachagua moja. Nani atasema nimedanganya? Nani?

— Ye aliyesema.

Akainama karibu na uso wangu. Sikuwahi kumuona hivyo.

— We ulikuwa mutoto, ulikuwa kisimani. Mi nilikuja na mukeka. Mi nilimuokota mama yangu kwenye majivu na mikono hii. Unajua alikuwa muzito namna gani? Hakuwa na uzito, Languida! Wazungu wanaandika "hana kosa". Bon. Basi kosa iko wapi? Ilienda wapi?

Nikainuka kutoka sakafuni.

— Unifunge mimi, nilimwambia. Mama umuache.

— We ni mwanangu, akasema. Ye hapana.

Akatupa tumbaku, akaenda choo cha uani.

Wasomaji, nifanye nini? Yule mutu alinilisha. Nikisema, ninamuvunja. Nikinyamaza, mama anarudi ndani mwaka mwingine. Na vikombe vya kahawa nilivisikia vinawekwa chini...

Nikabeba ndoo yangu, nikaingia.

— Bwana Munganga, pardon.

— Sakafu hii ni safi, alisema bila kuniangalia.

— Si sakafu, Bwana. Ni neno.

Zuzi akaacha kalamu.

— Huyu nani?

— Mi mutoto ya Mukandutiye. Nasikia Kinyarwanda, nasikia Kiswahili. Mama hakusema kesho. Amesema jana.

Nikawaeleza. Zuzi akacheka kidogo, akasema lugha hii itamuua. Munganga hakucheka. Alirudisha kurasa za kitabu, moja, mbili, tatu... nyuma mpaka mwaka wa kwanza.

— Miaka sita, jibu moja, akasema. Mumurudishe yule mama. Na mukalimani pia.

Wakamuleta. Mama aliponiona mule ndani na ndoo yangu, alisogea hatua moja kwangu. Twagirimana alisimama mulangoni, kofia imekunjwa mukononi.

— Muulize wewe, Munganga akaniambia. Moto ni ya jana ama ya kesho?

Nikamugeukia mama, nikaanza kwa Kinyarwanda.

Mama akainua mukono.

— Acha, mwanangu. Mi nasikia Kiswahili.

Kwa Kiswahili! Alisema kwa KISWAHILI!!!

Munganga akavua miwani.

— Unasikia tangu lini?

— Tangu mwaka ya pili, Bwana. Walinzi wanasema, wagonjwa wanasema. Mutu akifungwa na watu, lugha yao inamuingia tu.

— Basi kila mwaka ulisikia huyu anatuambia kesho?

— Nilisikia.

— Na ulinyamaza!

— Nilinyamaza.

— Kwa nini?

Mama hakumuangalia Munganga. Alimuangalia Twagirimana.

— Mama aliyekufa ilikuwa yake, Bwana. Nyinyi mulisema sina kosa, hamukunipa hukumu. Ye alinipa. Nikasema, niichukue. Siku atachoka, ataniachia.

Kofia ikaanguka chini.

— Ulisikia... shemeji, miaka hii yote ulisikia?

— Miaka hii yote, shemeji. Nilingoja uchoke.

Twagirimana akachuchumaa palepale mulangoni, akaficha uso kwenye magoti kama mutoto. Na mimi, mwenye ukweli wangu, nilisimama na ndoo, nikijiambia: leo mama anatoka! Leo tunalala kwa mama Saidati!

Wazungu wakasemezana Kifaransa, muda murefu, polepole. Munganga alitikisa kichwa. Zuzi alipiga meza kwa kidole. Mwishowe zuzi akaandika.

— Mukalimani amefukuzwa kazi, akasema.

Nikangoja.

— Na huyu mama arudi ndani. Mwaka moja.

— Bwana?!

— Mutu muzima hajifungi mwenyewe. Anasikia wanamufunga kwa uongo, ananyamaza miaka yote hiyo? Huyo bado mugonjwa.

Jamani!! Niliangalia Munganga. Munganga aliangalia miwani yake.

Uongo wa Twagirimana ulimurudisha ndani mara tano. Mara ya sita, ni ukweli wangu uliomurudisha...

Mama alinigusa shavu alipopita na mulinzi.

— Umekuwa mukubwa, alisema. Vizuri. Usilie kwenye sakafu umesugua.

Nilihama Nengo siku ileile. Mama Saidati aliniwekea mukeka pembeni ya cherehani, hakuuliza kitu. Mara moja tu alisema:

— Na ule mwaka ya kungoja, usiangalie mulango tu. Shona vifungo.

Nikashona vifungo mwaka muzima.

Kila Jumapili nilikwenda Kungojea, sasa mbele ya watu. Nilimwambia mama: mwaka huu usijibu kwa Kinyarwanda. Kiswahili kina maneno mawili, uchague moja. Na ukiulizwa kama unataka kutoka, useme unataka.

— Na kama sijui kama nataka?

— Useme, mama. Kwa ajili yangu.

Mwezi wa saba, 1958. Zuzi mupya, Munganga yuleyule. Mukalimani hakuwapo, mama alimukataa. Nilikuwa chini ya dirisha langu.

— Na moto?

— Jana, mama akasema.

— Unataka kutoka?

Akakawia. Nilihesabu pumzi zangu. Kumi na moja.

— Mutoto yangu anataka, akasema. Donc, nataka.

Munganga akatia sahihi kwanza, kabla zuzi hajafungua mudomo.

Nje ya lango, mutu alikuwa amesimama peke yake. Amekonda, koti la serikali hana tena. Twagirimana.

Nilimushika mama mukono tupite. Mama akasimama.

— Shemeji, umechoka?

Twagirimana alilia bila sauti.

— Nimechoka, shemeji.

— Mi pia, mama akasema. Tukapita.

Munafikiri imeishia hapo kwa furaha? Mungependa.

Sasa tunakaa kwa mama Saidati, chumba cha nyuma. Mulango hauna kufuli, nimelitoa mwenyewe. Asubuhi mimi natangulia kushuka ziwani kuchota maji. Nikirudi, namukuta mama amesimama mbele ya ule mulango wazi, amevaa, amejitanda, mikono imeshikana. Jua linamupiga miguuni. Hatoki.

Anangoja aambiwe.

— Toka, mama, namwambia.

Ndipo anatoka.

Basi, ninyi munaosoma, mimi shule yangu ni ndogo, lakini hili nimelisoma kwa macho yangu. Mutu aliyeumizwa musimupe kubeba neno la yule aliyemuumiza. Hata kama ni mutu mwema. Hata kama anakupa samaki mukubwa. Muende wenyewe, musimame pale, musikie kwa masikio yenu.

Na usilipe deni kwa kunyamaza. Mama alilipa miaka na miaka, na Twagirimana hakupata hata chembe. Bibi bado amekufa.

Jana nilimuuliza mama lini atatoka mulangoni bila kuambiwa.

Alifikiri, akatabasamu kidogo, akanijibu kwa Kinyarwanda:

— Ejo.