Walisoma Siri ya Ndoa Yangu Ukumbini

Nina miaka thelathini na minne, wapendwa wasomaji, kwetu ni Butembo, na ninauza vitenge hapa Kisangani. Ninaishi peke yangu katika chumba cha kupanga. Zamani nilikuwa na mume, Paluku, kiongozi wa kwaya parokiani, mtu mpole ajabu...

Tulikaa miaka mingi bila mtoto. Daktari alitupima, akasema tatizo liko kwa mume. Paluku alilia, akaniomba nisimwambie mtu. Nikakubali! Mama mkwe aliponiita mti mkavu mbele ya wageni, nilinyamaza. Lakini moyo utabeba mpaka lini?

Ndipo nikaingia katika kundi la WhatsApp la wanawake wasiojaliwa watoto. Hatukujuana kwa sura. Tulitumiana sauti, tukaombeana, tukalia. Humo nilimpata Mama Dorcas. Alisema mimba zake zote zilitoka. Aliniheshimu kama dada mkubwa, na mara kwa mara aliniuliza, "Yaya, mama mukwe alikusema nini tena leo?"

Nilimweleza yote, hata siri ya Paluku. Ningemficha nini mtu anayelia pamoja nami?

Kumbe hakukuwa na mimba wala Mama Dorcas! Alikuwa mwanafunzi aitwaye Nadine, anayefanya utafiti kuhusu jinsi wanawake wanavyofarijiana mitandaoni.

Siku alipotetea utafiti wake chuoni, shemeji yangu Kambale, mdogo wa Paluku, alikuwa ukumbini. Anasoma hapo hapo. Nadine alisoma maneno yangu kwa sauti. Jina alibadilisha, ndiyo. Lakini mengine aliyaacha yalivyo: muuza vitenge kutoka Butembo, mume anayeongoza kwaya, mama mkwe na matusi yake, majibu ya daktari... Watu wakampigia makofi!

Kambale alikimbilia nyumbani kwetu. "Yaya," alimwambia kaka yake, "ile mambo ya docteur iko kweli?"

 Paluku alinitazama mimi tu. Jamani, yale macho!

Maneno ya ukumbini yakasambaa, na haikupita muda parokia nzima ikajua. Paluku alipoinua mkono kuanzisha wimbo, waimbaji walicheka. Hakurudi tena kwenye kwaya. Kisha akapanda baleinière, mashua ya abiria ya mtoni, kwenda Opala, akisema anafuata mpunga. Hakurudi... Simu yake haipatikani. Msafiri mmoja alimwona huko, amekonda, akiitwa na kila mtu kwa jina nisilolijua. Mama mkwe alinifukuza, akasema nimemzika mwanawe akiwa hai.

Nilimtafuta Nadine hadi kwao. Nikamwuliza kwa nini amenifanyia hivi.

"Pole, yaya," akasema. "Lakini jina yako nilibadilisha. Na professeur alikubali, donc basi..."

Nikamwuliza kama siku zile aliponitumia kilio chake, alikuwa analia kweli. Aliinamisha kichwa. Nikaondoka.

Niliwaonya wenzangu kundini. Walitoka mmoja mmoja, bila kuaga. Labda hata mimi walidhani nawachunguza!

Dada zangu, msifuate njia yangu. Anayekulilia machozi kwenye simu humjui. Siri ya watu wawili usimpe wa tatu, hata kama inakuchoma. Nanyi mnaosoma vyuoni, mkitaka maumivu yetu, semeni kwanza ninyi ni nani!

Nilisema siri ile kwa sababu nilimpenda Paluku na sikuwa na nguvu tena ya kumlinda kimya kimya. Yeye halijui hilo. Na sina njia ya kumwambia...