Kidole Juu ya Glavu

Kila Jumamosi asubuhi Naima alichutama uani kwao Mtoni akipuliza moto, huku bibi yake, Bi Mwanakombo, akigeuza vitumbua. Kazi hiyo haikwenda bila vitendawili.

"Kitendawili!" aliita Bibi Jumamosi moja.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai! Bibi nawe, hicho cha watoto wa chekechea."

"Haya, nakiongezea chumvi. Nyumba yangu haina mlango, na aliyemo ndani anaitwa jina la jirani yake."

Moshi ulimpalia Naima. Alikohoa, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Sijui, Bibi."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Wazo." Neno lilimponyoka kabla hajalizuia.

Bibi alimtazama kidogo. "Nimekwenda Wazo, nimemkuta Mashaka wa kiwanda cha saruji anafunga mzigo, jioni ya leo anarudi nyumbani. Jibu nitakupa akishafika."

Naima hakucheka. Mashaka alikuwa kaka yake Tunu, na Tunu alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana.

Mambo yalianza kwa Misbah, binti wa mwenye duka la barabarani. Mjomba wake aliyeishi Kanada alimletea picha ya mchezaji wa mpira. Haikuwa kama zile za kwenye bigijii za kutafuna ambazo watoto wa Mtoni walikusanya tangu Kombe la Dunia la Marekani. Hii ilifungiwa ndani ya kasha la plastiki gumu lisilofunguka. Huko ng'ambo, alieleza Misbah, wapo wataalamu wa kupima picha. Wanaikagua kila pembe, wanaipa alama, wanaifungia, kisha wanabandika lebo. Hii ilipata kumi juu ya kumi.

"Lakini wamekosea lebo," Misbah alimwambia Naima. "Wameandika Ferreti, yule mshambuliaji. Huyu si Ferreti, ni kipa wao wa akiba. Mie siitaki, chukua wewe."

Kweli, chini kabisa pembeni, vilionekana vidole vya glavu ya kipa.

Naima angeweza kumwambia Tunu hayo. Lakini Tunu alipoiona ile lebo aliruka kwa furaha. "Ferreti! Kaka Mashaka anampenda huyo kuliko wali! Nipe, nami nikupe mpira wa ngozi."

Mpira ule Mashaka alizawadiwa katika timu ya kiwanda. Mtaa mzima haukuwa na mwingine kama huo. Wengine walicheza na mipira ya makaratasi na kamba.

"Ila mpira si wa kaka?" Naima aliuliza.

"Akiipata hii hataukumbuka. Hebu niione vizuri."

Naima alimwonyesha, kidole gumba chake kikiwa kimetulia juu ya glavu. Wakakutanisha vidole vidogo, na Talha, mtoto wa jirani, akawakatia kwa kiganja. "Kata!" Kwa watoto wa Mtoni, kilichokatiwa hakirudishwi.

Tangu hapo mpira ulikaa chini ya kitanda cha Naima. Hakuupiga hata mara moja. Kila akiinama kufagia, uliviringika polepole hadi miguuni pake, kana kwamba unamfuata.

Jioni ile wingu zito lilitanda kutoka upande wa bandarini. Kuku waliingia bandani mapema, na umeme ukakatika. Kutoka nyumba ya kina Tunu ilisikika sauti nzito ya mwanamume. Mashaka alikuwa amefika. Naima alichukua mpira, akakimbilia huko.

Talha alikuwa mlangoni, amekodoa macho. "Usiingie. Kaka Mashaka kafura."

Naima aliingia. Mashaka alikuwa ameketi, kasha mkononi, karibu na taa ya chemli. Tunu alisimama ukutani, mashavu yamelowa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Namuuliza huyu mara ya mwisho. Nani aliyekudanganya hata ukatoa mpira wangu? Kesho timu inauhitaji."

"Hakuna mtu," Tunu alinong'ona. "Nilikosea mwenyewe."

Tunu alikuwa akimficha Naima! Mashaka aliweka kasha chini, akaanza kufungua mkanda.

"Ni mie, kaka!" Naima alipiga kelele. "Mie nilijua si Ferreti. Niliifunika glavu kwa kidole. Mpira wako huu hapa."

"Haurudishwi!" Talha alidakia kutoka mlangoni. "Ulikatiwa, mie ndiye niliyekata!"

"Uliwakatia nini, mwanangu?" Sauti ya Bi Mwanakombo iliingia kabla yake. Alikuwa akihema, kanga imelowa matone ya kwanza ya mvua.

"Niliwakatia mpira kwa Ferreti, bibi."

"Ferreti yumo humo ndani?"

Talha alikuna kichwa. "Hayumo."

"Basi ulikata upepo."

Mashaka alijizuia, lakini kicheko kilimshinda. Alifunga mkanda wake, akamvuta Tunu karibu. Naima alimrudishia mpira, akamgeukia shoga yake.

"Nisamehe, Tunu."

"Ulinionyesha kwa kidole gumba," Tunu alisema, bado hajamtazama. "Nilidhani unaishika vizuri isianguke."

Maneno hayo yalimchoma Naima kuliko mkanda.

Bibi alimshika bega. "Misbah alinieleza yote aliponunua vitumbua, nikangoja useme mwenyewe. Jibu la kitendawili changu ni hilo kasha. Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Wale wataalamu walibandika jina lisilo lake kwa bahati mbaya, na kosa lao ni dogo. Wewe uliujua ukweli ukauwekea kidole. Hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu anayeumia ni yule anayekuamini."

Naima aliomba kipande cha karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa, KIPA, akakibandika kwa ugali juu ya lebo ya ng'ambo. Kisha akampa Tunu kasha kwa mikono miwili, vidole vyote vikiwa pembeni.