Kaseti ya London Iliyorekodiwa Nchiru

Kila siku baada ya shule, Maxine na rafiki yake Hodo walirudi nyumbani kwa njia inayopita kwenye hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu. Njia ya shambani ilikuwa fupi zaidi, lakini haikupita mbele ya kibanda cha Kathuri, fundi wa simu. Kibandani hapo ndipo palipopigwa punk, muziki wa magitaa ya kelele na waimbaji wanaopayuka, ulioanza ng'ambo katika miaka ya sabini. Wazazi wengi wa hapo kijijini Nchiru waliona ni fujo tupu. Wasichana hawa wawili waliupenda hata wakausikiliza wamesimama juani, mikoba mgongoni.

Walisimama juani kwa sababu benchi la kivulini lilikuwa la klabu ya mashabiki wa punk. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Gitobu, mdogo wake Kathuri, kijana wa miaka kumi na minne aliyejiona mzee wa muziki. Kwake, punk ya miaka ile ya kwanza ndiyo pekee iliyostahili kuitwa muziki. Kusikiliza kwa simu kulikuwa aibu. Shabiki wa kweli, alisema, husikiliza kaseti. Na hakuna aliyeketi kwenye benchi lile bila kufanya mtihani.

Hodo aliujaribu.

"Taja bendi tano za kwanza kabisa," Gitobu alisema. "Na wapiga ngoma wao."

Hodo alitaja mbili tu. "Zingine sijui. Mimi napenda tu vile wanaimba."

"Eti vile wanaimba!" Benchi zima likacheka. "Wewe umeanza juzi. Enda usikize redio na akina nyanya."

Hodo hakulia. Jumamosi alifika kwa akina Maxine na gitaa la nyuzi tatu lililotupwa na mwanafunzi mmoja wa hosteli. Maxine akatoa redio kaseti ya marehemu babu yake, akageuza ndoo ikawa ngoma, wakarekodi wimbo nyuma ya jiko. Hodo alipayuka kwa Kisomali, lugha ya kwao, mpaka kuku wakakimbilia kwenye migomba. Maxine hakuuliza maneno yale yalikuwa na maana gani. Alikuwa na kazi ya ndoo.

Jumatatu Hodo hakwenda shule. Alibaki kumsaidia mama yake, Leylo, kupokea mzigo dukani. Maxine alipita kibandani peke yake, kaseti ikiwa mkobani ili ampelekee rafiki yake.

"Na wewe unayesimama hapo kila siku," Gitobu aliita, "kwani uko na nini?"

Maxine alilitazama benchi. Jamani, tamaa! Mkono wake ukaingia mkobani wenyewe.

"Niko na kaseti. Mjomba wangu Stephen alinitumia kutoka London. Ni ya bendi ya zamani sana, hata haijulikani."

Mjomba Stephen alikuwepo kweli, lakini alikuwa Kianjai, soko la jirani, akiuza mahindi, na hakuwahi kupanda ndege.

Kathuri akaiweka kaseti kwenye redio yake. Sauti ya Hodo ikatoka ikikwaruza. Gitobu alifumba macho, akatikisa kichwa polepole.

"Manze! Hii ndiyo original. Sikia hilo gitaa. Hawa wa siku hizi hawawezi."

"Lakini anasema nini?" akauliza Mutegi, aliyekuwa mdogo wao wote.

"Hiyo ni Kiingereza cha London. Wewe utaelewa wapi?"

Hakuna aliyeuliza tena, maana hakuna aliyetaka kuwa yule asiyeelewa. Walisogeleana, wakampa Maxine nafasi. Aliketi. Benchi lenyewe lilikuwa na msumari uliochomoza, jambo ambalo mtu hawezi kulijua akiwa amesimama juani.

Alipogeuka kudai kaseti yake, Kathuri alikuwa ameshaurekodi wimbo kwenye simu.

"Tafadhali usitume," Maxine alisema.

"Nishatuma. Hosteli zote zimepata. Na kaseti inabaki hapa kwanza."

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yameshaingia katika simu ambazo Maxine hakujua hata ni za nani.

Kesho yake alijaribu kumshawishi Hodo wapitie shambani.

"Na punk je?" Hodo akacheka, akashika njia ya hosteli. Maxine alimfuata, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Walisikia wimbo kabla ya kuona kibanda. Hodo akasimama ghafla.

"Hiyo ni..."

"Ni bendi ya London," Gitobu alidakia. "Sikiliza ujifunze. Maxine ndiye alituletea."

Hodo alimgeukia Maxine, akangoja. Maxine aliutazama msumari wa benchi. Hodo akaondoka peke yake, na mwendo wake ulikuwa wa mtu mzima aliyechoka.

Jioni ile Maxine hakugusa chakula chake cha mukimo. Mama yake, Cicily, alipomuuliza kulikoni, alibubujika machozi, akasema yote.

"Nifanye nini, mama? Siwezi kuufuta."

"Kuufuta huwezi," Cicily alisema. "Lakini kusema unaweza. Kesho tutaenda kwa Mama Hodo."

Kesho yake baada ya shule, dukani, Leylo alimsikiliza Maxine huku akipima sukari. Hodo alikuwa nyuma ya kaunta, akipanga sabuni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Umesema vizuri, mwanangu," Leylo alisema Maxine alipomaliza. "Lakini hapa hukudanganya mtu. Pale uliposema uongo ndipo utasema ukweli." Kisha akafunga duka mchana, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, wakaenda wote wanne.

Maxine alisimama mbele ya klabu, pale kibandani. "Ile kaseti si ya London. Tuliirekodi kwetu, nyuma ya jiko. Ngoma ni ndoo. Anayeimba ni Hodo. Nilidanganya ili niketi hapa."

Gitobu aliruka. "Nilijua! Hata gitaa lenyewe ni bovu. Takataka."

"Lakini juzi ulisema hawa wa siku hizi hawawezi," Mutegi alisema.

"Kijana," Leylo akamuuliza Gitobu kwa upole, "wimbo umebadilika tangu juzi?"

"Hapana, mama."

"Basi nini kimebadilika?"

Gitobu alikuna shingo. Kathuri aliinamia simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Hodo, waambie unasema nini humo ndani ya wimbo," Leylo akasema.

Hodo alitazama chini. "Nasema, 'Mmeniuliza majina ya watu wa mbali. Hakuna aliyeniuliza langu.' Narudia hivyo mpaka mwisho."

Maxine alitamani ardhi immeze, kwa maana hata yeye, aliyepiga ndoo mwanzo hadi mwisho, hakuwa ameuliza.

"Kujua mambo ya muziki si kosa," Leylo aliwaambia. "Kosa ni kuugeuza ujuzi wako mlango wa kuwafungia wenzako nje. Na wewe Maxine, ulitaka kuingia kwa mlango huo hata ukatumia sauti ya rafiki yako kama ufunguo."

Kathuri alitoa kaseti, akampa Hodo. "Kwangu nimefuta. Kwa hao wengine siwezi."

Gitobu alisogea pembeni ya benchi. "Kwani... unaitwa nani?" aliuliza, ingawa jina alikuwa ameshalisikia, bila kumtazama.

"Hodo," alijibu. Lakini hakuketi.

Walishika njia ya kurudi. Hodo alitembea upande wa mama yake. "Bado nina hasira," alimwambia Maxine, na Maxine akaitikia kwa kichwa. Kutoka dirisha moja la hosteli wimbo ulisikika tena, na mwanafunzi fulani akiufuatisha kwa furaha, akidhani anaimba Kiingereza.

"Mama Hodo," Maxine alisema kwa sauti ya kilio, "ona sasa. Hautaisha."

"Hautaisha leo," Leylo alijibu. "Uongo umetangulia mbio, mwanangu. Ukweli unakuja kwa miguu, na miguu yenyewe ni yako. Kila utakapousikia, utasema ni wa nani."

Maxine alifuta machozi. Kisha akavuka barabara, akasimama chini ya lile dirisha na kuita kwa nguvu zake zote kwamba mwimbaji wa wimbo ule ni Hodo wa Nchiru.