Nyota Mbili Chini ya Ford

"Kisima anaita Nyati. Pokea."

Nashoni Werema alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kichuguu, darubini ya Zeiss machoni, bastola ya Webley imebanwa kiunoni. Alinyoosha mkono bila kugeuza kichwa akavuta simu ya upepo.

"Nyati anasikia."

"Wakala aliyeuza gari lile Nairobi ametoa namba yake. Sikiliza, sirudii. Nyota. Tisa, tisa, C. Moja, saba, sita, mbili, nane, nne. Nyota."

"Nyota mbili?"

"Moja mwanzo, moja mwisho. Imegongwa kiwandani kwenye chuma cha fremu chenyewe. Achana na bati la mlangoni. Bati hubanduliwa."

"Nimepokea."

"Nyati. Joram ana karatasi safi na marafiki wakubwa. Usimguse kabla hujaiona namba hiyo kwa macho yako. Ni amri."

Simu ikanyamaza.

Werema akarudisha darubini. Bondeni, nyuma ya maduka ya Ikoma, pikapu aina ya Ford ya mwaka arobaini na saba ilikuwa inapigiliwa msumari wa mwisho kwenye sakafu ya bodi. Ilikuwa nyekundu. Miaka mitatu nyuma, gari hilohilo lilikuwa kijani, na aliyekaa nyuma ya usukani alikuwa Machage, askari wa Bwana Nyama, mkubwa wa wanyamapori wa serikali, na kaka yake wa tumbo moja.

Machage alitoka asubuhi moja ya mwaka 1954 kufuata majangili wa pembe za kifaru. Hakurudi yeye, halikurudi gari. Wakubwa wake walingoja juma moja, kisha wakatamka kwamba ameliuza Kenya na anakula raha Kisumu. Watoto wake wakaitwa watoto wa mwizi hadi mlangoni mwa kanisa. Mkewe, Robi, akabaki si mke si mjane, maana hakuna anayekaa matanga ya mtu aliyekimbia na mali ya serikali.

Wengine huingia kazi ya siri kwa kupenda nchi. Wengine kwa mshahara. Werema aliingia kwa chuki, wala hakuona haya kusema hivyo.

Injini ya Ford ikanguruma.

Joram, aliyejiita mwenye gari, aliingia kwa raha zake, kofia ya ngozi kichwani, sigara ya Crown Bird mdomoni. Mlinzi wake, Filemoni, akarukia nyuma na bunduki yake ya Mannlicher. Gari likashika njia ya kaskazini. Werema alijua linakokwenda. Sirari mpakani kulikuwa na mgeni mwenye Peugeot 203 anayengoja mzigo, na Ford ikishavuka itapakwa rangi ya tatu na hapatakuwa tena na Machage popote duniani.

Alifunga simu ya upepo kwenye keria ya pikipiki. BSA ikawaka kwa teke la kwanza.

Vumbi la Ikoma halina huruma. Lilimwingia puani, kooni, kwenye masikio. Akafunga leso usoni akazidisha mafuta. Swala walikata njia mbele yake. Hakupunguza mwendo.

Karibu na kivuko cha Mto Mara, Filemoni alimwona.

Paa!

Risasi ya kwanza ilipita. Ya pili ikapiga tangi la petroli. Mguu wa Werema ukalowa na harufu ikapanda. Mtu mwingine angeruka akakimbia. Yeye alitia mkono kwenye mkoba, akatoa kipande cha sabuni ya mche, akakisukumiza kwenye tundu kwa dole gumba huku gurudumu la mbele linaingia majini. Sabuni ikaziba. Kazi ya siri ina vifaa vingi kutoka Ulaya, lakini hakuna kilichowahi kumwokoa kama sabuni ya kufulia.

Ford iligonga jiwe katikati ya kivuko. Bodi ikaruka. Filemoni naye akaruka, ila yeye hakurudi garini.

Werema alimkuta akitapatapa kwenye kina kifupi, akamkokota hadi ukingoni kwa ukosi wa koti, akampokonya bunduki na kumfunga kwenye mti wa mgunga kwa kamba ya katani.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Mura, kijana wa kwetu, mimi ni kibarua tu. Muulize mwenyewe."

"Nakwenda kumuuliza."

Kijiji cha Kewanja kikapita kushoto. Njia ikaanza kupanda. Ford ilikuwa mbele, doa jekundu linalotokea na kupotea kwenye kona, na kila lilipopotea Werema aliinama zaidi juu ya usukani. Alikuwa na risasi za kutosha. Angeweza kupiga gurudumu. Angeweza kupiga kisogo kile chenye kofia ya ngozi, na mkono wake uliwasha kwa kutaka kufanya hivyo. Lakini maiti ya Joram isingesafisha jina la mtu. Ingeitwa mauaji, na Machage angebaki mwizi mwenye mdogo muuaji.

Kilichomsaidia kilikuwa ng'ombe.

Ilikuwa siku ya mnada Tarime. Bomani palijaa mifugo kutoka vilima vyote vya Tarime, na ng'ombe wa Tarime hampishi mtu kwa sababu ana Ford. Joram alipiga honi hadi akachoka. Fahali mmoja mwekundu alisimama mbele ya taa zake, akamtazama, akaanza kucheua.

Werema alizima pikipiki. Akatembea. Akaegemea dirisha la gari.

"Zima injini, Joram."

Joram alimtazama kuanzia vumbi la kichwani hadi petroli ya miguuni. Alitabasamu. Alikuwa mwana wa mwizi wa ng'ombe, mjukuu wa mwizi wa ng'ombe, na alikulia kwenye mashauri ya mnada kama wengine walivyokulia shuleni. Akashuka mwenyewe, akapaza sauti watu wote wasikie.

"Jamani! Huyu mura ananidai gari! Anasema ni ya kaka yake, yule mwizi! Haya, si tuna utaratibu wetu hapa? Anayedai ng'ombe ataje alama kwanza!"

Watu wakasogea. Mzee Nyangwine, aliyekuwa akikata mashauri ya mifugo kila mnada, alifika na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Werema.

"Marahaba. Utaratibu unaujua?"

"Naujua."

"Basi niseme wote wasikie. Mdai anataja alama kabla mnyama hajaguswa. Ikionekana, mali ni yake. Isipoonekana, anatoa mtamba kwa mtu aliyemchafulia jina, na neno hilo halisemwi tena mnadani. Halisemwi, Werema. Kaka yako atabaki na jina alilo nalo. Umekubali?"

Werema aliona kitambaa cheusi katikati ya watu. Alikuwa Robi, kibuyu cha maziwa kimemning'inia begani. Kila mnada alikuja na maziwa yake, na kila Ford iliyopita aliizunguka akiitazama mpaka madereva wakamwita kichaa.

"Nimekubali," alisema Werema. Akataja namba kwa sauti, nyota mbili na vyote vilivyo katikati.

Joram akafungua boneti kwa mkono wake mwenyewe. Huo ndio ulikuwa ujeuri wake.

Werema akainama. Kando ya boksi la usukani, juu ya fremu, mahali namba inapogongwa, chuma kilikuwa laini kama kijiko. Kimepigwa tupa, kikapakwa rangi. Hakuna nyota. Hakuna hata mguu wa tarakimu.

Akajitupa chini, akatambaa hadi chini ya kabini akiwa na kurunzi ya Eveready. Pale katikati, mahali pa pili pa namba, palikuwa pamechomelewa kipande cha bati.

Kicheko kilianza taratibu kikasambaa. Fundi wa Joram alikuwa fundi kweli.

"Ng'ombe wangu hana alama!" alisema Joram. "Mura, tafuta mtamba. Mimi napenda mweupe."

Werema alibaki amelala chali, vumbi linamdondokea machoni. Alitaka kulia. Alikuwa mtu mzima mwenye bastola kiunoni na alitaka kulia mbele ya ng'ombe na watu. Kisha akaona, pembeni mwa gurudumu, miguu ya Robi imesimama.

"Shemeji," alisema Robi kwa sauti ya chini. "Mwizi anakata masikio. Baba yenu alikuwa anaweka alama wapi?"

Werema akakumbuka.

Chini ya mkia.

Baba yao hakuwahi kuamini masikio. Mwizi akiiba ndama, kitu cha kwanza hukata sikio upya, afute alama ya mwenyewe na kuweka yake. Kwa hiyo mzee aliweka chale ya pili chini ya mkia wa kila ndama, mahali ambapo mwizi mwenye haraka hainui. Alirudisha mitamba wawili namna hiyo. Machage ndiye aliyekuwa akishika mikia.

Na kwenye fremu ya Ford kiwanda hugonga namba mahali pa tatu pia. Nyuma, juu ya ekseli.

Werema akatoka chini ya gari, akajipangusa magoti.

"Mzee Nyangwine. Nimekagua masikio tu. Naomba kuinua mkia."

Kicheko kikakatika. Wakurya waliokuwa pale walielewa mara moja, na wa kwanza kuelewa alikuwa Joram. Sigara ikamdondoka.

"Utaratibu ni alama moja!" alisema.

"Mnyama ana mkia," alijibu mzee. "Inua."

"Hakuna kuvunja gari yangu!"

Mkono wa Joram ukaingia ndani ya koti. Ulitoka na Beretta. Lakini haukufika mbali, kwa maana Robi alikuwa ameshavua kibuyu begani, na kibuyu kilichojaa maziwa ni kizito. Kilimpiga kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka, maziwa yakamwagika, na kabla Joram hajajua amepigwa na nini, goti la Werema lilikuwa juu ya shingo yake na mdomo wa Webley sikioni mwake.

"Leteni mtaimbo," alisema Werema.

Misumari ikalia. Ubao wa kwanza ukang'oka, wa pili, wa tatu. Chini ya sakafu palikuwa na sakafu nyingine, imepigiliwa chini ya fremu, na kati ya hizo mbili magunia yaliyofungwa vizuri. Mzee Nyangwine akakata kamba kwa kisu chake.

Pembe za kifaru zikabingirika miguuni mwa watu.

Na pale zilipotoka pembe, ndani ya utusitusi, ilionekana fremu yenye rangi ya kijani. Kijani cha zamani. Joram alikuwa amepigilia sakafu hiyo siku chache tu baada ya kuiba gari, kwa tamaa ya kuanza kusafirisha mzigo, na fundi alipokuja baadaye na tupa yake hakujua kwamba chini ya mbao kuna kitu cha kufuta. Siku za mwizi ni arobaini. Za Joram zilikuwa zimepitiliza mno.

Werema akaomba unga kwa mama aliyekuwa akiuza uji. Akaupaka juu ya chuma, akaufuta kwa kiganja. Ukabaki ndani ya michirizi, mweupe.

Nyota.

Akamvuta Joram kwa ukosi, akamwinamisha juu ya fremu hadi pua ikagusa chuma.

"Soma."

"Werema, tuongee kiume..."

"Soma kwa sauti."

"Nyota," alisema Joram. "Tisa. Tisa. C."

"Endelea. Waliotukana watoto wa Machage wako nyuma kule, hawajasikia."

"Moja. Saba. Sita. Mbili. Nane. Nne. Nyota."

Wanaume walianza kuinamisha vichwa mmoja mmoja, maana karibu kila mmoja wao aliwahi kulitamka neno mwizi. Werema aliwatazama wote. Hakuwasamehe hata mmoja, na alitaka wajue hivyo.

Alikoki Webley.

"Sasa lile swali lingine. Machage yuko wapi?"

"Nikisema utaniua."

"Usiposema nitakuua."

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio na kilikuwa kimeanza kuvuta. Miaka mitatu aliota dakika hii. Robi akasogea, akaweka mkono juu ya mkono wake, si kuuzuia, ila kuushika.

"Kwanza aseme, shemeji. Mimi nataka kuzika."

Joram alimtazama mwanamke, kisha bastola. Akasema. Mto Grumeti, chini ya kivuko cha zamani cha Ikoma, kwenye migunga mitatu iliyokaribiana. Walimpiga risasi mgongoni alipokuwa anahesabu pembe. Walimfukia na kofia yake.

Robi alipiga yowe moja tu. Lilipita juu ya mnada wote, na ng'ombe wakainua vichwa.

Werema akashusha bastola polepole. Ilimgharimu kuliko risasi zote za njiani.

"Ningekuua ungekufa ukiwa mtu aliyeuawa na adui," alimwambia Joram sikioni. "Sitaki. Utanyongwa Mwanza kama mwizi, na jina utakalofia nalo ni lile ulilompa Machage."

Akampiga picha akiwa ameinama juu ya namba, kwa kamera yake ndogo ya Minox. Kisha pingu. Polisi wa boma, waliokuwa wamesimama mbali wakipima upepo, sasa walikimbia kusaidia.

Simu ya upepo ikakwaruza kwenye keria.

"Kisima anaita Nyati. Pokea."

"Nyati anasikia. Nyota mbili. Nimeziona kwa macho yangu. Mzigo upo, mtu yupo. Mwingine amefungwa kwenye mgunga, kivuko cha Mto Mara."

"Safi. Mgeni wa Sirari tumemkamata ndani ya Peugeot akivaa viatu. Nyati, kuna kazi Musoma. Uanze leo."

Werema alitazama nyuma yake. Mzee Nyangwine alikuwa amevua kofia yake mbele ya Robi. Mtu mmoja alileta jembe, mwingine sepetu, bila kuombwa.

"Hapana, Kisima. Leo nina msiba."

Akazima simu. Akabonyeza kipande cha sabuni kwenye tangi kuhakikisha kimeshika. Robi akapanda nyuma, jembe na sepetu mapajani. BSA ikawaka, na fahali mwekundu, yule aliyemkatalia Joram, akawapisha njia ya Ikoma.