Jina Kwanza, Ukuta Mwisho

"Kioo! Kioo kinapita! Mwenye macho aone, asiye na macho asogee!"

Ndella Diop aliisikia sauti hiyo kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika soko la Tilene, saa ambayo nusu ya Dakar hujifanya imekuja kununua vitunguu, naye alikuwa ameinama kuchagua maua makavu ya bisapu ya kutengenezea juisi. Aligeuka na kapu lake mkononi. Kapu likakigonga kioo kirefu kama mlango. Kioo kikatoa mlio mmoja mwembamba, na ufa ukakimbia kutoka juu hadi chini.

Soko zima likaanza kutoa hukumu kwa pamoja.

Aliyebeba kioo alikuwa kijana mrefu, shati la jinzi lililokatwa mikono, glavu mkono mmoja tu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akamtazama yule msichana wa gauni pana la manjano lenye madoa ya wino begani.

"Dada, umenivunjia kioo."

"Kioo chako kimenivunjia kapu."

"Kapu lako zima kabisa!"

"Limeumia kwa ndani."

Watu wakacheka. Kijana akakiegemeza kioo ukutani, taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Haya, jina lako nani nikakushtaki?"

"Ndella Diop."

"Diop!" Akainua mikono juu. "Ningejua mapema ningepita njia nyingine. Toka lini Diop akaangalia anakokwenda kama mbele hakuna sahani ya wali?"

"Na wewe ni nani?"

"Birane Ndiaye."

"Alaa! Kumbe mtumwa wangu! Nani kakuruhusu kutembea sokoni bila bwana wako?"

Kesi ikafia hapo hapo. Diop na Ndiaye ni watani tangu mababu. Diop anaweza kumtukana Ndiaye mbele ya imamu, Ndiaye akarudisha tusi kubwa zaidi, na atakayenuna ndiye mwenye makosa. Muuza bisapu mwenyewe alimwongezea Ndella konzi moja ya bure kwa kufurahi.

"Sasa hivyo vipande utavitupa?" Ndella akauliza.

"Kwani unavitaka?"

"Nachora kwenye vioo. Vilivyovunjika ndiyo saizi yangu."

"Basi nikupelekee. Duka lako liko wapi?"

"Si duka, ni karakana. Na ukifika usiguse kitu."

* * *

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Medina, zamani stoo ya fundi magodoro. Kuta Ndella alizipaka buluu kwa mkono wake. Kulikuwa na meza pana chini ya dirisha, chupa za jemu zilizojaa rangi, kalamu za wino, nyembe, birika la chai, na viti viwili. Mlangoni aliandika kwa herufi nyekundu: KUNAFUNGULIWA SAA MBILI ASUBUHI.

Mtu asiyemjua Ndella angeona ni chumba tu. Lakini miaka tisa alikuwa amechorea sakafuni, jikoni kwa baba yake mdogo Masaer, mzee aliyemlea. Huko, kila akishika kalamu, mtu alimwita akamenye vitunguu. Wageni walikanyaga vioo vilivyolazwa vikauke. Picha ya marehemu mama yake aliichora mara tatu, na mara mbili ilipondwa chini ya mkeka. Ya tatu ndiyo iliyoning'inia sasa kwenye ule ukuta wa buluu, nzima. Ndella alipoupata ufunguo wa chumba kile alijifungia ndani akalia kwa furaha, kisha akafungua dirisha akaanza kazi.

Birane alileta vipande, akakaa kiti cha pili, na kwa kweli hakukiacha tena. Alikuja akitoka kazini, akapika chai, akamtazama anavyofanya.

"Mbona unaanza kuandika jina lako, hata picha haipo?"

"Kwa sababu nachora nyuma ya kioo, we Ndiaye. Mtazamaji anaangalia upande wa pili. Cha kwanza kupakwa ndicho kinachokaa mbele. Naandika jina, kwa kinyume, halafu macho, kope, hereni. Halafu nguo. Ukuta wa nyuma unakuja mwisho kabisa."

"Na ukikosea?"

"Ukishafunika, umeshafunika."

Simu zikaanza. Asubuhi kabla hata hajavua kilemba cha kulalia, simu inalia.

"Umeamka, laazizi?"

"Nani huyo?"

"Mtu uliyemvunjia kioo na moyo."

"Kioo nilikiona. Moyo sina ushahidi."

"Nikuletee ushahidi jioni?"

"Leta na sukari. Imekwisha."

Alimpenda. Hakuna haja ya kuzunguka. Alipenda vidole vyake vyenye makovu madogo, na vile alivyokata kioo kwa mkwaruzo mmoja bila kutetemeka. Siku akichelewa, Ndella alikuwa anakosea kope. Mwezi wa saba tangu kioo kile kuvunjika, Birane alipomwambia, "Nataka watu wangu waje kwenu," aliinamia meza ili asionekane anavyotabasamu, akasema, "Waje, basi. Waje wameshiba, wali wetu hautoshi."

Wakaja. Baba Mdogo Masaer akapokea kapu la kola, zile kokwa za posa, na wakakubaliana: Ijumaa ya pili, baada ya swala ya alasiri, wanaume wa pande zote mbili watakutana msikitini, ndoa ifungwe, kola igawiwe. Ndella akaanza kushona gauni la zambarau la kitambaa cha bazini, pana, lenye nakshi za uzi mweupe kifuani. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, mpaka Jumanne ile.

Birane alipiga simu saa nne asubuhi.

"Mpenzi, mambo mazuri. Bajen Ngone karidhika kabisa."

Bajen, yaani shangazi: Ngone alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake Birane. Nyumba ile, bila bajen kuitikia kwa kichwa, hata kuku hachinjwi.

"Alhamdulillahi. Alikuwa hajaridhika?"

"Alikuwa na jambo dogo tu. Nimeshalimaliza."

"Jambo gani?"

"Hii karakana. Anasema mke wa mtu kukaa chumbani mtaani, milango wazi, wanaume wanaingia na kutoka... Nikamwambia ukishaolewa utachorea nyumbani. Kuna kona nzuri ukumbini."

Ndella akaweka kalamu chini.

"Umemwambia hivyo?"

"Ni ya kumtuliza tu, kipenzi. Baadaye tutaona."

"Na msikitini watasema nini?"

Birane akakohoa. "Wazee wataitaja kama sharti. Ni maneno tu."

"Mbele ya imamu, mbele ya baba yangu mdogo, ni maneno tu? Birane, mimi uliniuliza lini?"

"Ndella, ni kona nzuri, ina mwanga..."

"Niliwahi kuwa na kona! Kona ni mahali ambapo kila mtu anapita! Umekaa kwenye kiti changu miezi saba, umekunywa chai yangu, hukuona nafanya nini humu?"

"Nimeona, lakini yule ni bajen, nitamwambiaje hapana?"

"Kwa mdomo. Kama unavyoniambia mimi hapana."

Akakata simu. Akaibwaga simu mezani, chupa ya rangi nyekundu ikamwagika. Alitamani apige tena, aseme sawa, nitajaribu. Kwa dakika nzima alitamani hivyo. Halafu akamtazama mama yake ukutani, akajitanda mtandio, akafunga mlango na kwenda kwa Baba Mdogo Masaer.

"Baba Mdogo, naomba kola irudi."

Mzee aliyekuwa anatawadha akaachia birika. "Irudi wapi? Mtaa mzima unajua!"

"Basi mtaa mzima ujue na hili. Siolewi kwa sharti la kufunga karakana."

"Mwanangu, watu watasema."

"Waache waseme. Wakimaliza, watanikuta pale pale."

Mzee akaliokota birika. Pengine alikumbuka vile vioo viwili chini ya mkeka, maana kimoja alikuwa amekikanyaga yeye. Jioni ile ile akalibeba kapu mwenyewe, kola haijapungua hata moja, akalirudisha.

* * *

Siku ya tatu gari la teksi lilisimama mbele ya karakana. Harufu ya udi ikaingia kwanza, kisha bangili, kisha Bajen Ngone mwenyewe ndani ya bazini ya kijani iliyopigwa pasi mpaka inalia, kilemba kimesimama kama mnara. Akakaa kiti cha pili bila kukaribishwa.

"Karibu, Bajen."

"Sikuja kukaribishwa. Binti, unajua nyumba ya Ndiaye imerudishiwa kola mara ngapi?"

"Sijui, Bajen."

"Haijawahi!"

"Basi mmejifunza jambo jipya. Ndiaye kujifunza jambo si habari ndogo, ningewaita watu wa redio."

Mdomo wa Bajen ukacheza. Akaung'ata. "Usinichekeshe. Nimekuja na hasira."

"Hasira yako iweke hapo chini, usimwagie rangi. Mimi ni Diop, Bajen. Hata ukitaka kunikasirikia, huruhusiwi."

"Mjinga wewe. Mnakula wali kisha mnakula na sahani." Bajen akavuta pumzi. "Sikiliza. Mimi nimezaa saba, nimezika mume, nimekaa nyumbani kwangu. Heshima yangu sikuiweka mlangoni wapita njia waione."

Hapo Ndella akaacha mzaha.

"Nakuheshimu, Bajen, na sitaki ugomvi na wewe. Ukinipa mtoto wenu nitampikia, nitamzalia, na wewe ukiugua nitakuosha miguu. Lakini chumba hiki sifungi. Si kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Nikikifunga, mtakayempeleka kwenu si mimi, ni mtu mwingine mwenye sura yangu, na huyo hamtampenda."

Macho ya Bajen yakazunguka ukutani, yakasimama kwenye picha.

"Yule nani?"

"Mama yangu."

Bajen akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Kope hizi umezihesabu," akasema, kama mtu aliyejisahau. Kisha akakumbuka alichofuata, akajifunga vizuri mtandio. "Hutaingia nyumba ya Ndiaye. Umesikia?"

"Nimesikia. Ila Ndiaye wakitaka kuja hapa, mlango nafungua saa mbili."

Bajen akatoka kwa kishindo, bangili zikilalamika.

* * *

Wiki tano zikapita. Birane alipiga, Ndella hakupokea. Usidhani alikuwa imara wakati wote. Gauni la zambarau lilikaa kwenye msumari, mikono yake haijashonwa, na kila akilitazama aligeuza kiti akalipa mgongo. Mtaa ulisema ulivyotaka: kwamba ana jini, kwamba ana mwanaume mwingine. Yeye alifungua saa mbili kila siku, Jumapili nayo, ili waone.

Jumatatu moja, amefungua tu, Birane akasimama kizingitini. Amekonda. Mikononi alikuwa na kitu kipana kilichofungwa blanketi.

"Sinunui vioo," Ndella akasema.

"Siuzi. Nimekuchorea."

"Wewe?"

"Kila siku baada ya kazi, wiki mbili. Usicheke."

Akafungua blanketi, akakigeuza kioo upande wa kutazamia, akakiinua kifuani. Ndella akatazama. Akasogea. Akatazama tena.

"Ni nini hii?"

"Ni wewe! Umekaa mezani, kalamu mkononi, na mimi nipo mlangoni."

"Birane, hapa kuna buluu tupu."

Akachungulia kwa juu. Kweli, kilikuwa buluu pembe hadi pembe, safi kama mbao iliyopakwa. "Sijui wamekwenda wapi! Niliwachora! Tazama huku nyuma, wapo!"

"Ulianza na nini?"

"Na ukuta. Nyumba si inaanza na ukuta?"

Ndella alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka machozi yakatoka, na yale machozi yakawa ya kweli. Miezi saba kwenye kile kiti, na mwanaume huyu alikuwa akimtazama yeye tu, hakuitazama kazi hata siku moja!

"Ulituziba wote wawili, mpumbavu wewe."

"Najua." Birane akakilaza kioo mezani. Hakucheka. "Na kwa Bajen nilifanya hivyo hivyo. Nilianza na yeye, wewe nikakuweka mwisho. Ndella, jana mchana, nyumba nzima tumezunguka sinia, niliweka kijiko chini nikasema: karakana haifungwi, na nilikosea kusema itafungwa. Nikasema nitamwoa Ndella na karakana yake, au sioi."

"Mbele ya Bajen?"

"Mbele yake."

"Akasemaje?"

"Alisema nimerogwa. Kisha akala samaki wangu."

Ndella akafuta macho kwa kiganja, akajipaka wino shavuni bila kujua. "Nina sharti."

"Sema."

"Kola ikirudi, Baba Mdogo atasema msikitini, kwa sauti, kabla haijagawiwa: binti yetu ana karakana, na inabaki wazi. Wazee wenu waitikie, kila mtu asikie."

"Wataitikia. Mimi mwenyewe nitasimama mlangoni mwa msikiti nihakikishe."

"Na jina langu kwenye vioo linabaki Diop."

"Nani anataka kuliondoa? Nitamtania nani?"

Akamshika mkono. Makovu yale yale, vidole vile vile. Ndella akauacha mkono wake humo.

Simu ikalia mezani. Namba ngeni.

"Haloo?"

"We mtumwa wangu," ikasema sauti nyuma ya mlio wa bangili. "Huyo mjinga wangu yuko hapo?"

Ndella akamtazama Birane, akaweka kidole mdomoni. "Yupo, Bajen. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka picha. Mimi na kilemba changu cha kijani. Kiuno ukipunguze kidogo, na kope zangu uzihesabu kama ulivyohesabu za mama yako. Umesikia?"

"Nimesikia. Nije nyumbani nikuchore?"

Bajen akashusha pumzi ndefu.

"Hapana. Nitakuja mimi. Hivi ulisema unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, Bajen," Ndella akasema. "Kila siku."