Ubao Usiokubali Prosesa

Ubao mama wa kompyuta ulikuwa umetoweka pamoja na boksi lake. Kwenye meza ya sebuleni vilibaki kasha la kompyuta lisilo na kitu ndani, feni, bisibisi mbili na prosesa mpya, ndogo kama biskuti, ikimeta ndani ya kiboksi chake cha plastiki.

Inspekta aliinama akaitazama kwa muda. Alikuwa mwanamke mwenye miaka ishirini kazini, na wezi wajinga walimchosha kuliko wezi hodari.

"Kati ya vitu hivi, ghali ni kipi?"

"Hicho hicho unachokitazama," alijibu mwenye nyumba, mchora ramani za majengo aliyekuwa akijiundia kompyuta ya kazi. "Ndio ubongo wenyewe. Ule ubao ni wa kuupachikia tu, pamoja na vipuri vingine vyote."

"Mwizi akaacha kinachoingia mfukoni, akabeba kikubwa kama sinia."

"Fundi bomba atajua nini cha kuiba?" ilidakia sauti kutoka kwenye kochi. "Yule ameona boksi kubwa, akatamani."

Aliyedakia alikuwa shemeji wa mwenye nyumba, kaka wa mumewe. Aliuza mapazia, lakini mtaa mzima ulimwita Mtaalamu, kwa kejeli, naye akaitikia kama amepewa cheo. Ndiye aliyepiga simu polisi, na kwa neno lake Koplo alikuwa ameshamtia pingu fundi bomba aliyekuwa akitengeneza bomba la jikoni, na kumpeleka kituoni.

"Vifaa alichagua nani?"

"Prosesa aliichagua shemeji huyu hapa. Ubao nikamwambia niachie mimi." Mtaalamu alikunja nne. "Watu hujisumbua sana, afande. Sijui soketi gani, sijui kizazi cha ngapi. Mimi naangalia kampuni. Ukinunua vya kampuni moja, vinaingiliana vyenyewe."

"Ulianza kuunganisha?"

"Sikugusa kitu. Nilifika saa tatu, nikaweka boksi mezani, nikaenda dukani kwangu. Shemeji alikuwa kwa mteja. Fundi akabaki peke yake jikoni na bomba lake."

Inspekta alivaa glavu akalichunguza kasha. Nyuma yake, kwenye uwazi wa nyaya, kulikuwa na kibati chenye matundu kilichobanwa vizuri.

"Hiki kilikuja na kasha?"

Mwenye nyumba alisogea. "Hapana. Hicho huja na ubao. Ndicho huanza kufungwa."

Mtaalamu alikohoa, akaomba maji. Inspekta alikichomoa kibati, akakitia kwenye bahasha ya vielelezo pamoja na prosesa.

Kituoni, fundi bomba alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mzee wa makamo mwenye ovaroli iliyolowa magotini.

"Inspekta, mimi nakula kwa kufunguliwa milango ya watu. Nikifikishwa mahakamani kesho kwa wizi, hata nikishinda kesi, nani atanifungulia tena?"

"Yule bwana wa mapazia aliondoka saa ngapi?"

"Saa nne na nusu hivi."

"Yeye anasema saa tatu."

"Saa tatu aliingia. Nilimsikia anaguna, 'Ingia! Ingia wewe!' Nikachungulia, nikadhani kuna paka. Kumbe anakandamiza kitu kwa kidole gumba, jasho linamtoka."

"Ulisema nini?"

"Nilimwambia, bwana, kisipoingia kwa upole si saizi yake. Sisi bomba tunapima kabla ya kununua. Akaniambia nirudi kwenye maji machafu yangu."

Koplo aliinamisha kichwa. Hakuwa amemwuliza fundi swali hata moja, na Inspekta alimwambia hivyo mbele ya mahabusu wote.

Kutoka hapo alikwenda kwa fundi kompyuta wa mtaa wa pili. Huyo aliigeuza prosesa, akakitazama kibati, akacheka.

"Prosesa hii chini ni tambarare. Unaona? Vidoa vya dhahabu, haina miguu. Inataka soketi, yaani kikalio chake kwenye ubao, yenye sindano ndogondogo. Kibati hiki ni cha ubao wa kizazi kilichopita. Soketi yake ina matundu, inangoja prosesa yenye miguu."

"Lakini kampuni ni moja."

"Kampuni moja, ndiyo. Wewe na mwanao si mko ukoo mmoja? Mbona hamvai kiatu kimoja? Soketi ndiyo hutazamwa kwanza, Inspekta. Kuuliza si ujinga."

"Na mtu akishakosea?"

"Anarudisha, anapewa wa kufaa. Hapa nabadilisha kila wiki. Ni kazi ya nusu saa."

Alasiri hiyo ubao ulipatikana katika duka la mapazia, umeviringishwa ndani ya kitambaa cha zambarau kwenye rafu ya juu, boksi lake likiwa limechanwa kando yake. Mtaalamu alijaribu kusema hajui umefikaje.

"Ubao una alama za vidole vyako."

"Niliununua mimi, lazima ziwepo."

"Na boksi lililochanwa, lile ambalo hukulifungua?"

Mtaalamu alianza kukikunja kitambaa cha zambarau.

"Prosesa haikuingia," alisema Inspekta.

"Haikuingia," Mtaalamu alikiri. "Nilishautangazia ukoo mzima kwamba naiunda mimi. Shemeji angerudi akaona nimenunua ubao usiokubaliana na prosesa yake. Yule fundi alikuwa ameshaona, lakini mwizi nani atamwamini? Nikafikiri, ukipotea, nitanunua mwingine kimyakimya."

"Na fundi?"

"Nilijua mngemwachia tu."

Inspekta alikuwa amewahi kukamata wauaji ambao hawakumchukiza kama huyu. Alimpeleka kituoni, akamwandikisha maelezo, shtaka likawa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, akaamuru fundi bomba aletwe.

Mwenye nyumba alikuwa ameshafika. Alimtazama shemeji yake kama mtu anayetazama uchafu kwenye kiatu.

"Si ungeniambia tu, shemeji? Ningeenda kubadilisha nikarudi kabla chai haijapoa. Ukaona bora mtu afungwe?"

Mtaalamu alimgeukia fundi. "Mzee wangu, nisamehe. Ni bahati mbaya tu."

"Mwanangu aliniona napita na pingu," alisema fundi bomba. "Alikuwa na wenzake, akajifanya hanijui. Sitaki uniombe msamaha hapa. Kamwambie yeye."

"Nikamwambie nini?"

"Maneno machache. Mwambie ulikosea kununua ubao."

Mtaalamu alilamba midomo. Alimtazama fundi, akamtazama shemeji yake, akamtazama Koplo aliyekuwa ameshika funguo.

"Si kukosea hasa," alisema. "Kampuni ndiyo inachanganya watu."

Inspekta alimwonyesha Koplo mlango wa mahabusu amwingize Mtaalamu, akatoka kumsindikiza fundi hadi kwa mwanawe.