Mjusi Aliyeacha Mkia

Mektilda na mumewe Vedasto walilima karanga kule Usinge, karibu na msitu. Asubuhi moja Mektilda alikuwa akipanga kuni ndani zisinyeshewe. Jirani yao Siwema, mjane aliyehamia mwaka ule, ndiye aliyewaletea kuni hizo kutoka msituni.

Mara akachomoka mjusi. Hakuwa kama mijusi ya ukutani. Ngozi yake iling'aa kama imepakwa mafuta. Miguu yake ilikuwa mifupi, karibu afanane na nyoka. Mektilda akampiga kwa ufagio. Mjusi akatokomea chini ya kitanda cha mtoto. Mkia ukabaki sakafuni, unarukaruka peke yake.

"Huyu si mjusi," Mektilda alimwambia mumewe. "Ametumwa."

Jioni ile binti yao Adelina, wa miaka minne, akachemka mwili. Akatapika. Siwema alipokuja na uji wa mgonjwa, Mektilda aliupokea bila kumtazama usoni. Akaumwaga nyuma ya nyumba.

Kulipokucha mtoto alikuwa amelegea. Vedasto akavaa viatu.

"Naenda kwa mganga. Akimtaja Siwema, kijiji kizima kitajua."

Mlangoni akakutana na Koleta, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mgonjwa yuko wapi?" Koleta aliuliza. "Siwema amenifuata mbio."

"Kwa nini ahangaike na mtoto wangu?" Mektilda alifoka. "Ana lake huyo!"

Koleta alimgusa Adelina. "Tutagombana baadaye. Twende zahanati sasa hivi."

Walikwenda kwa bodaboda. Muuguzi akapima damu. Ilikuwa malaria. Mtoto akaanzishiwa dawa.

Mektilda bado alikuwa na shaka. Akamsimulia Koleta jinsi mjusi wa ngozi ya kung'aa alivyochomoka kwenye kuni. "Na ule mkia je? Uliruka bila mwili!"

"Mjusi yule ni wa msituni," Koleta alisema. "Alijificha kwenye kuni. Akishambuliwa huacha mkia. Adui anahangaika nao, yeye anakimbia. Mkia mwingine huota. Hana sumu. Chakula chake ni wadudu, kama mchwa na mende. Aliyemletea Adelina homa ni mbu. Mlaze ndani ya chandarua. Na homa ya mtoto haingoji, dada. Siku hiyo hiyo, zahanati."

Siku ya nne Adelina alicheza uani. Mektilda akaenda kwa Siwema.

"Dada, nilikushuku. Nisamehe."

Siwema aliendelea kubangua karanga. "Nilijua tangu ulipoacha kunitazama. Kule nilikotoka, ndivyo ilivyoanza. Nikaishia kuchomewa nyumba."

Mektilda akaketi, akavuta ungo, wakabangua pamoja mpaka jua likawa kali.

Jumapili, baada ya ibada, Vedasto alisimama mbele ya watu akaeleza kila kitu, hata aibu yake.

Mwezi uliofuata mtoto wa mzee Luhende alipata homa. Mama yake hakuuliza nani kamtuma nani. Aliuliza nani ana baiskeli.